Kuhamia LED kwenye tangi la matumbawe: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwenye tangi la matumbawe (akwariamu ya maji ya chumvi) Kisumu au Nakuru huanza kuwaza taa za LED siku inapokufa balasti, kifaa kinachoendesha halaidi, ile taa kali ya balbu ya gesi, au tyubu za T5, yaani floresenti nyembamba, zinapokosekana madukani. Hapo ushauri humiminika, na mwingi wake hutoka kwa mtu mwenye taa ya kuuza.

"Halaidi ya wati 250 inataka LED ya wati 250."

Wati ni stima inayoliwa. Hazikuambii ni mwanga kiasi gani unafika kwenye jiwe. Na hata wati za katoni zina mambo. Lile sanduku jeusi la bei nafuu linaloandikwa wati 165 lina vidonge 55 vya LED, kila kimoja kimehesabiwa wati 3. Kidonge kinaweza kubeba wati 3, sawa, lakini dreva, kifaa kinachoipa LED umeme, hukipa 2 hivi. Lichomeke kwenye mita ya soketi uone: 110, labda 120.

Kinachopimwa ni PAR, yaani chembe za mwanga wa nanomita 400 hadi 700 zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde, zikihesabiwa kwa mikromoli. Ndizo zinazotumiwa na mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe na kulilisha. Matumbawe laini huridhika na 50 hadi 150. Yale ya mawe yenye polipi kubwa (polipi ni kile kiwiliwili kidogo chenye mdomo), 100 hadi 200. Acropora na jamaa zake, yale ya mawe yenye polipi ndogo, hutaka 250 hadi 350. Mita ya PAR ni ghali, lakini mtu huihitaji siku chache tu kwa mwaka, kwa hiyo wanne wakichanga wakanunua moja hawatagombana.

Programu ya simu ya kupima lux si mbadala wake. Lux hufuata jicho la binadamu, ambalo huona kijani vizuri na buluu vibaya. Chini ya taa ya buluu, simu itakuonyesha namba ndogo wakati PAR iko juu, nawe utaongeza mwanga mpaka uunguze.

"LED huunguza matumbawe."

Dhana hii haifi, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Matumbawe huungua, ila kosa si la LED. Tyubu ya T5 iliyowaka zaidi ya mwaka imeshapoteza sehemu ya mwanga wake polepole, na wewe hukuona kwa sababu jicho lilizoea. Matumbawe nayo yalizoea. Kisha Jumamosi moja unafunga taa mpya, unaiwasha asilimia 100 ili uone uhondo wa pesa yako, na Jumatano ncha zimekuwa nyeupe.

Kwa hiyo pima kabla ya kung'oa taa ya zamani. Kwa tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, chukua sehemu tatu (kushoto, katikati, kulia), na kila sehemu vina vitatu: juu ya mchanga, katikati, na sentimita 10 chini ya uso wa maji. Zima pampu za mkondo kwa dakika hizo, la sivyo mawimbi yatafanya namba zicheze. Andika namba zote tisa kwenye karatasi.

Ning'iniza LED sentimita 25 hadi 30 juu ya maji, uwashe asilimia 30, upime pointi zile zile. Rekebisha mpaka pointi yenye mwanga mkali kuliko zote isizidi ilivyokuwa chini ya taa ya zamani. Baada ya hapo panda asilimia 5 kwa wiki, hadi ufike unapotaka. Huchukua mwezi na nusu, wakati mwingine miwili, na hakuna njia ya mkato.

Na ujue kusoma rangi. Tumbawe linalogeuka kahawia kwa kawaida lina njaa ya mwanga au limezidiwa na naitreti, uchafu unaotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Likipauka kuanzia juu huku upande wa kivulini umebaki na rangi, limezidiwa na mwanga. Wengi hapa hufanya kinyume: wanaona weupe, wanadhani ni njaa, wanaongeza. Shusha asilimia 20 siku hiyo hiyo, uache wiki mbili.

"Taa moja kali katikati inatosha."

Tyubu humwaga mwanga kutoka upana wote wa tangi. LED hutoka kwenye nukta, na lenzi ya digrii 60 huufinya zaidi. Utapata duara la PAR 400 katikati na 60 pembeni, na chini ya matawi ya tumbawe kivuli ambamo nyama hufa kidogo kidogo. Kwa sentimita 120 weka taa mbili ndogo, lenzi za digrii 90 au 120. Kama fremu ya T5 bado nzima, kuacha tyubu mbili ziwake pamoja na LED ni uamuzi mzuri tu.

"LED haina joto, kwa hiyo bili itashuka nusu."

Ina joto, ila wingi wake hutokea mgongoni kwenye bati na feni, si kuelekea majini. Halaidi ya 250 pamoja na balasti hula karibu wati 280. LED ya wati 120 ikiwaka saa tisa kwa siku inaokoa uniti 43 hivi kwa mwezi. Uniti ikiwa shilingi 28, hiyo ni kama shilingi 1,200.

Kisumu utaokoa hata zaidi, kwani feni na mashine ya kupoza maji zitapumzika. Nakuru, kwenye mita 1,850 juu ya bahari, mambo ni tofauti: halaidi ilikuwa inakusaidia kupasha maji. Iondoe, na hita itafanya kazi usiku kucha wa Julai. Kwa lita 300 weka hita mbili za wati 150 badala ya moja ya 300. Moja ikikwama ikiwa imewaka, haitapika tangi zima.

Kuna mtego mwingine. Chini ya LED maji hayakauki kwa kasi kama chini ya halaidi. Aliyezoea kuongeza jagi mbili za maji yasiyo na chumvi kila asubuhi akiendelea vile vile, kipimo cha chumvi (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu) kitashuka chini ya 1.025 bila yeye kujua. Jaza hadi alama, usihesabu majagi.

"Nyeupe huleta mwani mchafu, washa buluu tu."

Mwani hulishwa na naitreti na fosfeti. Rangi ya taa ni jambo dogo. Ubaya wa buluu tupu ni kwamba kila kitu hung'aa kama disko na huoni weupe unaoanza. Washa nyeupe dakika kumi kila wiki, ukague.

"Saa 50,000, basi nimemaliza."

Kwa saa kumi kwa siku hiyo ni miaka 13 na zaidi, ya kidonge. Feni na dreva hazikuahidi hivyo. Feni huvuta hewa ya chumvi. Ifute kila miezi mitatu, taa ikiwa imezimwa. Dreva huuawa na stima inayorudi kwa kishindo baada ya radi za alasiri, ambazo Kisumu haikosi. Ichomeke kupitia kifaa kile cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme dakika chache. Waya uutundike ukiwa umeinama chini kabla ya kufika kwenye soketi, ili tone la maji lidondokee hapo.

"Stima ikipotea, inverta iende kwenye taa."

Matumbawe hustahimili giza siku nzima, hata mbili. Maji yasiyotembea huishiwa hewa ndani ya saa chache, na samaki ndio hutangulia. Inverta ni ya pampu ya mkondo.