Je, wajua kwa nini mfumuko wa bei ni asilimia 3 huku elfu kumi yako ikiishia gengeni?

Mwaka 2022 ulipoanza, nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 jijini Dar es Salaam ilikuwa shilingi 400. Mei mwaka huohuo ikawa 500. Desemba 2023 ikawa 600. Mtu wa Temeke anayekwenda Kariakoo kila siku ameona nauli yake ikipanda kwa nusu nzima, na miaka miwili haijatimia. Fanya hesabu ya siku 26 za kazi, kwenda na kurudi: shilingi 10,400 zaidi kila mwezi, na hapo hajaunganisha gari la pili.

Sasa sikia upande wa pili. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, ilitangaza kwamba mfumuko wa bei kwa wastani ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022 na asilimia 3.8 mwaka 2023. Jumlisha yote mawili, hufiki hata asilimia 9.

Kijiweni swali hili lina jibu moja tu: wamepika. Mimi siamini hivyo, na sababu yangu si kuwaonea huruma wataalamu wa takwimu. Kile wanachokipima si kile ambacho wewe unakisikia mfukoni, na ukifuatilia hatua kwa hatua unaona kabisa mahali vitu hivyo viwili vinapoachana njia.

Anza na neno lililomo katika kila taarifa ya NBS na ambalo watangazaji hulipita haraka: kasi. Mfumuko wa bei ni kasi ya mabadiliko ya bei ukilinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana. Hausemi bei zimefika wapi, unasema zinakwenda mbio kiasi gani. Anayepita Jangwani wakati wa masika anaielewa tofauti hii bila kufundishwa. Asubuhi mto Msimbazi unafurika, maji yanapanda hadi magotini ndani ya saa moja. Mchana mvua inapungua na maji yanapanda kidogo tu, tuseme upana wa kidole. Mtu akikwambia "kasi imepungua" kasema kweli, lakini wewe suruali bado umeikunja na viatu umevishika mkononi.

Ndivyo ilivyo kwa bei. Desemba 2011 mfumuko wa bei ulifika asilimia 19.8. Miaka miwili baadaye, Desemba 2013, ulikuwa asilimia 5.6, na kila aliyesikia habari hiyo alitarajia mchele urudi bei ya zamani. Kwa ujumla bei hazikurudi, zilipunguza mbio tu. Chukua miaka ya karibuni: asilimia 3.7 mwaka 2021, kisha 4.3, 3.8, na 3.1 mwaka 2024. Moja moja ni namba za upole, na Benki Kuu inayo haki ya kuzifurahia kwa sababu lengo ni kutovuka asilimia 5. Zipandanishe uone. Kapu lililonunuliwa kwa shilingi 1,000 mwaka 2020 lilihitaji takribani shilingi 1,157 mwaka 2024. Kama kipato chako hakikusogea katika miaka hiyo, umekatwa mshahara bila barua.

Halafu kuna hilo kapu lenyewe, na hapa ndipo penye utamu.

Ili kupata namba moja ya nchi nzima, NBS inatumia Fahirisi ya Bei za Mlaji. Inachukua mamia ya bidhaa na huduma, inafuatilia bei zake katika mikoa ya Tanzania Bara (Zanzibar wana yao), kisha kila kundi linapewa uzito kulingana na sehemu ya matumizi ya kaya inayokwenda huko. Uzito huo unatoka kwenye utafiti wa mapato na matumizi ya kaya. Katika kapu lililotumia bei za mwaka 2010 kama msingi, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vilikuwa na uzito wa asilimia 47.8. Kapu la sasa, ambalo msingi wake ni mwaka 2020, limevipa asilimia 28.2.

Tulia na namba hiyo. Maana yake, kati ya kila shilingi 100 za matumizi, shilingi 28 tu ndizo zinazohesabiwa kwenda kwenye chakula. Sasa nenda Tandale au Mbagala Rangi Tatu, mkute mama anayepokea elfu kumi ya matumizi asubuhi, umuulize elfu tatu ya chakula inamfikisha saa ngapi. Atakucheka, au atakufukuza.

Namba hiyo haijakosewa. Ndivyo wastani wa aina hii unavyofanya kazi: yanajumlishwa matumizi yote ya kaya zote, kisha inaangaliwa kila kundi limebeba kiasi gani. Katika kapu hili anayepiga kura si mtu, ni shilingi. Kaya ya Masaki inayotumia milioni tano kwa mwezi ina sauti mara kumi ya kaya ya Keko inayotumia laki tano. Na mwenye milioni tano hali mara kumi zaidi, kwani tumbo lina mwisho. Hela nyingine inakwenda kwenye gari, shule, mavazi, hoteli. Hivyo uzito wa chakula unashuka, na ugali wa Keko unakuwa mwepesi kwenye karatasi.

Tufanye mfano wa kubuni. Tuseme chakula kimepanda asilimia 15 kwa mwaka, na vitu vingine vyote asilimia 1 tu. Kwa kapu la taifa, mfumuko unatoka asilimia 5 hivi. Kwa kaya ambayo asilimia 60 ya hela yake inaishia jikoni, mfumuko ni zaidi ya asilimia 9. Bei ni zilezile, soko ni lilelile, ila maisha ni mawili. Na ikitokea chakula kikashuka huku vifaa vya magari vikipanda, wa Keko ndiye atakayepumua na wa Masaki atalalamika. Hilo hutokea pia, ila halipigiwi kelele.

Kuna jambo lingine la Uswahilini ambalo asilimia haina namna ya kulionyesha vizuri: tunanunua kwa hela, hatununui kwa kilo. Huendi kwa Mangi kuomba mililita 125 za mafuta ya kula, unasema "nipe ya mia tano." Bei ya mia tano haijawahi kupanda tangu dunia iumbwe! Kinachobadilika ni kipimo. Fungu la nyanya linapungua moja, andazi linakuwa na hewa zaidi ya unga, chapati unaona mwanga upande wa pili. Mtaalamu anayechukua bei anatakiwa kuliweka fungu kwenye mizani ili alinganishe kwa uzito, kwa hiyo kitaalamu upungufu huo haupotei. Ila wewe unayenunua kidogo kidogo kwa kawaida unalipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayebeba dumu la lita 20 kutoka Kariakoo. Kupanda kwa bei kunakukuta ukiwa tayari kwenye bei ya juu.

Na kodi ya nyumba? Imo kwenye fahirisi, lakini ikiwa imesawazishwa kuwa gharama ya kila mwezi. Dar es Salaam hakuna anayeishi hivyo. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, wengine mwaka, na dalali anadai mwezi mmoja wake. Chumba kikipanda kutoka 60,000 hadi 70,000, kwenye karatasi ni elfu kumi. Kwako wewe ni 60,000 ya ziada inayotakiwa siku moja, mara nyingi wiki ileile ya ada ya shule.

Kisha kuna hela ambayo haimo kwenye kapu kabisa, tena kwa kanuni. Fahirisi inapima bei za vitu vinavyonunuliwa ili vitumiwe. Kwa hiyo mchango wa harusi ya binamu haumo, na rambirambi haimo, wala ile unayomtumia mama kijijini kila mwisho wa mwezi. Riba ya mkopo haimo pia, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Mama ntilie akichukua mkopo wa kausha damu ili duka lisifungwe, rejesho linatoka kila siku kabla hajanunua hata kitunguu. Mfukoni, hiyo ni gharama ya maisha. Katika hesabu ya mfumuko wa bei ni sifuri.

Baada ya kuitetea NBS kiasi hicho, ni haki niseme na letu: kumbukumbu zetu zina upendeleo. Tunakumbuka kilichopanda na tunasahau kilichotulia. Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024, baada ya mvua za El Niño kuvuruga uzalishaji viwandani, kilo ilivuka shilingi 4,000 na hatukuzungumza kitu kingine. Iliposhuka, hakuna aliyeitisha kikao. Tena tunapima kwa vitu tunavyonunua kila siku, kama nauli, mkate na nyanya, wakati televisheni iliyoshuka bei tunaigusa mara moja kwa miaka minane. Si ugonjwa wa Waswahili peke yetu. Wajerumani walipoanza kutumia sarafu ya euro mwaka 2002 waliapa kwamba kila kitu kimepanda, wakaipa jina la utani "Teuro" kwa kuunganisha euro na neno lao la "ghali", ilhali mfumuko uliopimwa mwaka huo haukufika asilimia 2.

Kwa sababu hiyo niliacha kubishana kijiweni nikanunua daftari. Nimeandika mistari kumi tu: unga, mchele, mafuta, mkaa, nauli, LUKU, chumba, ada, vocha na nyanya. Mbele ya kila mstari naandika bei na kiasi nilichopewa, kisha asilimia ambayo bei imepanda naizidisha kwa sehemu ambayo kitu hicho kinachukua kwenye hela yetu, si hela ya taifa. Vocha na LUKU zilinishangaza kwa utulivu wake, maana ndizo nilizokuwa nikizilaani zaidi. Mkaa ndio ulionitia adabu. Mstari wa nyanya bado una mgogoro nyumbani, kwa sababu mimi nilihesabu fungu la mia tano likiwa na nyanya tano, na mke wangu anasema ya tano ilikuwa imeoza, isihesabiwe.