Neonikotinoidi: sumu inayomngojea mdudu ndani ya jani

Kidukari akitua kwenye jani changa hana haraka. Hutembeatembea, hulipapasa, kisha hulitoboa kwa mrija mwembamba kuliko unywele na kuanza kufyonza utomvu. Dawa nyingi za kupuliza zinahitaji kumgusa ndipo zimdhuru. Neonikotinoidi humkuta huko ndani, akila.

Neonikotinoidi ni viuadudu vinavyofanya kazi kama nikotini, kemikali ambayo mtumbaku hujikinga nayo. Ya kwanza kuenea, imidaklopridi, iliingia sokoni mwaka 1991. Huyeyuka katika maji, kwa hiyo mbegu ikipakwa dawa kabla ya kupandwa, mizizi huivuta na kuipandisha hadi majani, na baadaye hata kwenye chavua na nekta.

Kwenye neva za mdudu, ujumbe hupitishwa na asetilikolini, ambayo kimeng'enya huivunja mara tu kazi yake inapokwisha. Neonikotinoidi hukaa mahali palepale inaponasa asetilikolini, lakini kimeng'enya hicho hakiwezi kuivunja. Neva inaendelea kusisimka, mdudu anatetemeka, anapooza, anakufa.

Naona tunamsahau sana yule asiyekufa. Kidukari aliyepata dozi ndogo huchomoa mrija, huhangaika huku na huko, hula kidogo na huzaa kidogo. Mmea hupata nafuu. Lakini virusi vinavyoambukizwa kwa mtobo mmoja wa haraka vinaweza kuwa vimeshaingia kabla sumu haijamlemea.

Vidukari na nzi weupe ndio huumia zaidi. Viwavi wengi hawaathiriki kwa kiasi hicho. Utitiri, ambao wana miguu minane na si wadudu hasa, wakati mwingine huongezeka baada ya dawa, kwa sababu maadui zao wamekufa au kinga ya mmea wenyewe imeshuka. Kisa kinachonisikitisha zaidi ni cha soya huko Marekani: konokono wasio na gamba walikula miche yenye dawa bila kudhurika, lakini mbawakawa waliowala konokono hao walilemaa au kufa. Konokono wakabaki bila wa kuwapunguza.

Kupaka kila mbegu, wadudu wawepo wasiwepo, ni kosa kwa maoni yangu. Sumu hukaa shambani muda mrefu, na wachache wanaoivumilia ndio wanaobaki kuzaana. Ndivyo ilivyokuwa kwa panzi wadogo wa kahawia wanaofyonza mpunga barani Asia, na kwa nzi weupe, ambao miili yao hutoa vimeng'enya vingi vya kuivunja imidaklopridi. Kwa vidukari wa mpichi, badiliko dogo mno limetokea pale sumu inaponasa kwenye neva: asidi amino moja tu, yaani kijenzi kimoja cha protini, imechukua nafasi ya nyingine. Vidukari hao huendelea kufyonza jani lenye dawa, na sumu haiwashiki tena kama zamani.