Waridi la bluu halipo, la urujuani lipo: namna ya kulitafuta na kulitunza Tanga

Msimu wa harusi ukikaribia, wateja huniletea picha zinazofanana: waridi la bluu iliyoiva, bluu ya wino. Jibu langu halibadiliki. Hakuna mwaridi unaotoa ua la rangi hiyo. Lile la kwenye picha ama limetengenezwa kwa kompyuta, ama ni waridi jeupe lililokatwa na kusimamishwa kwenye maji ya rangi mpaka petali zikanywa. Ila waridi la urujuani lipo, ni zuri kupita hilo la kupakwa, na hata hapa Tanga penye joto na chumvi linakubali ukilijulia.

Maua mengi ya bluu hupata rangi yake kutokana na kitu kiitwacho delfinidini. Mwaridi hauna jeni ya kukitengeneza. Wenyewe una sianidini, inayotoa wekundu, pinki na zambarau. Kwa hiyo hata uchavushe mwaridi kwa mwaridi miaka mia, huwezi kutoa kitu ambacho baba hana na mama hana. Mwaka 1990 kampuni ya Suntory ya Japani ilishirikiana na wataalamu wa Australia kulitafuta hilo maabara. Waliichukua jeni kutoka kwenye ua la pansi, wakaiingiza kwenye mwaridi, wakatangaza mafanikio 2004, na mwaka 2009 ua likaanza kuuzwa Japani kwa jina la Applause. Delfinidini imo humo ya kutosha. Ukilitazama, bado ni urujuani.

Sababu yake unaweza kuiona jikoni. Choya ina delfinidini nyingi, lakini juisi yake ni nyekundu kwa sababu ina ukali, yaani tindikali. Mimina kidogo kwenye glasi nyeupe, tia magadi chembe chembe: itageuka zambarau, kisha itaelekea bluu ya kijivu. Maji yaliyomo ndani ya petali za waridi nayo yana ukali, ndiyo maana rangi haifiki kwenye bluu. Waridi linapozeeka ukali huo hupungua, hivyo mawaridi mengi ya zambarau huonekana ya bluu zaidi siku ya tatu kuliko siku yalipochanua.

Ukilielewa hilo, utaacha kumwaga nili shinani au kufukia misumari yenye kutu. Watu huona maua ya hidrenjia yakigeuka bluu kwenye udongo wenye tindikali wakadhani mwaridi utafuata. Hidrenjia ina delfinidini yake tayari, na udongo ule huiwezesha kufyonza aluminiamu inayoigeuza rangi. Mwaridi hauna cha kugeuzwa.

Sasa aina zenyewe. Sterling Silver ilitolewa Marekani mwaka 1957 na Gladys Fisher, na ndiyo iliyowafungua watu macho: urujuani wenye fedha ndani yake, harufu nzuri, miiba michache. Naipenda sana, lakini simshauri anayeanza, kwa sababu mti wake ni dhaifu. Blue Moon ya wazalishaji wa mawaridi Tantau wa Ujerumani, ya miaka ya 1960, ina nguvu zaidi na harufu yake ina ulimaolimao. Hiyo ndiyo ningempa mtu wa pwani kwanza. Anayetaka rangi nzito atafute Rhapsody in Blue ya Frank Cowlishaw wa Uingereza: huchanua zambarau iliyokolea, kisha hufifia kuelekea kijivu cha bluu, na kwa macho yangu hakuna mwaridi wa bustani unaoikaribia bluu kuliko huo. Veilchenblau ya 1909 ni ya kutambaa, huchanua mara moja kwa mwaka, inataka ukuta na subira.

Mkoa wetu wenyewe una ua la urujuani lililozunguka dunia. Saintpaulia, inayowekwa madirishani Ulaya na Marekani, ilitoka milima ya Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, ndiye aliyepeleka mbegu zake kwao miaka ya 1890. Anayetaka rangi hii kivulini, barazani, aanze na hiyo.

Turudi kwenye mwaridi. Kazi kubwa Tanga ni udongo na maji. Ukikaa Raskazone au popote karibu na bahari, chini kuna mawe ya matumbawe, yaani chokaa. Chokaa huzuia mti usipate madini ya chuma: majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Ukiona hivyo usiongeze samadi ukidhani mti una njaa. Panda kwenye tuta lililoinuliwa au chungu kikubwa, changanya udongo mwekundu na mboji iliyooza vizuri, na ikibidi tumia mbolea ya chuma aina ya EDDHA, inayofanya kazi hata penye chokaa. Kingo za majani zikikauka na kuwa kahawia, shuku chumvi ya kisima. Kinga maji ya mvua wakati wa masika. Makumbi ya nazi ni matandazo mazuri, isipokuwa yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusuka kamba. Hayo yana chumvi, yaoshe sana kwanza.

Rangi nayo inataka ubaridi. Joto kali hupunguza utengenezaji wa rangi kwenye petali, na kaskazi ya Januari na Februari huweza kulifanya ua la urujuani litoke limepauka kama karatasi. Kwa hiyo mimi hupogoa masika yanapoisha. Mwaridi huchukua takribani wiki 6 hadi 8 kuchanua baada ya kupogolewa, na hapo unakuwa katikati ya kusi, usiku una ubaridi kidogo. Weka mti palipo na jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa saba mchana. Mwagilia shinani alfajiri, si juu ya majani, maana unyevu wetu ni rafiki wa ugonjwa wa madoa meusi. Maua ya harusi yakatwe kabla ya saa moja asubuhi, tumba likiwa limeanza kulegea petali za nje.

Katika kuutafuta mti, usinunue mbegu za mtandaoni zenye picha ya bluu. Aina hizi zimechanganywa sana, hivyo mbegu haitoi ua kama la mama yake, hata kama muuzaji ni mkweli. Hupatikana kwa kipandikizi au kwa kubebesha, yaani kuunganisha jicho au tawi lake juu ya shina la mwaridi mwingine. Nenda kitaluni mti ukiwa na ua, utoe mti nje ulitazame ua kivulini mchana, kwa sababu taa ya manjano hulifanya ua la urujuani lionekane pinki na simu huongeza bluu isiyokuwepo. Uliza umebebeshwa juu ya shina gani, na chipukizi linalotoka chini ya kovu la kubebeshea liondoe, vinginevyo shina la chini litaumeza mti ulioulipia. Na kama ndugu yako wa Mombasa amekuahidi vipandikizi, asivipitishe mpakani Horohoro mfukoni: omba kwanza kibali cha kuingiza mimea kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, naye aje na cheti cha afya ya mimea kutoka Kenya.