Seli zenye alama mbili ambazo hazikuwapo

Mwanafunzi wangu alinifuata mbio hadi ofisini. "Daktari, njoo uone." Kwenye skrini palikuwa na kundi kubwa la seli T, seli nyeupe za kinga ya mwili, zilizobeba alama mbili, CD4 na CD8, kwa pamoja. Damu ile ilikuwa ya mtu mzima mwenye afya, imetolewa asubuhi hiyo hapa Kisumu. Katika damu ya mtu mzima seli kama hizo huwa chache sana. Mahali pake hasa ni kwenye tezi ya thaimasi, kifuani, seli T zikiwa bado changa. Nilimwomba asitangaze lolote kwanza.

Kwa hadubini, seli T na ndugu zake wa kinga, seli B na seli NK, zinafanana mno. Kinachozitenga ni protini za juu ya utando wake, ambazo tumezipa namba za CD. Kingamwili, protini ya kinga, hunasa protini moja tu, na tangu wanasayansi Köhler na Milstein walipoonyesha njia mwaka 1975 tunaweza kupata kingamwili za aina moja bila kikomo. Tunaifunga kila moja na rangi inayong'aa, kisha seli zinapita moja moja mbele ya leza, maelfu kwa sekunde, na mashine ya flosaitometri inapima mwanga wa kila seli.

Huku kwetu CD4 inajulikana hata na bibi kijijini, kwa sababu ya kliniki za VVU. Lakini CD4 peke yake haitoshi kusema hii ni seli T: monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, nazo zinayo, ingawa kidogo. Ndiyo maana tunatafuta kwanza CD3, alama ya seli T.

Turudi kwenye zile rangi, maana hapo ndipo penye kisa. CD4 tuliivika PE, protini ya mwani mwekundu, wa jamii moja pana na ule wanaolima akina mama wa Kibuyuni kule Kwale. PE hung'aa kwa mwanga wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 578. CD8 tuliivika PE-Cy7, yaani PE ileile iliyounganishwa na molekuli ndogo ya rangi iitwayo Cy7. Leza inaipiga PE, PE inaipokeza Cy7 nguvu hiyo, na mwanga unatoka mwekundu kabisa, karibu na nanomita 780. Ni kama mtoto wa shule aliyevaa sweta juu ya shati: ukiwa mbali unaona sweta tu. Mwanga na joto huichakaza Cy7. Sweta likitoboka, shati linaonekana. Seli ya CD8 inang'aa kwa PE, na mashine, ambayo haijui CD4 wala CD8 bali mwanga tu, inaihesabu kuwa ina zote mbili.

Tukachukua shanga ndogo za plastiki zinazonasa kingamwili, tukazitia ile ya CD8 peke yake, bila tone la kingamwili ya CD4. Mwanga wa PE ukajitokeza, mwingi kuliko siku tuliyoipanga mashine iondoe mwanga wa rangi moja unaovujia kwenye nyingine. Tukafungua chupa mpya, tukarudia damu ileile. Kundi lote likatoweka.

Chupa ya zamani ilikuwa imesahauliwa mezani, karibu na dirisha, siku ambayo stima ilipotea na kila mtu akawa anahangaika na friji. Kwa joto la Kisumu, hilo linatosha kunitia wasiwasi. Sasa chupa za rangi za namna hii zinakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, zimefungwa kwa karatasi ya foili, na kila moja ina tarehe ya kufunguliwa. Hatuzigandishi kamwe, barafu inaiharibu PE yenyewe. Na kila siku ya kazi tunapitisha shanga za rangi mojamoja kabla ya damu ya mtu yeyote, hata kama foleni ni ndefu. Mtu aliyekubali kuchomwa sindano kwa ajili ya utafiti anastahili angalau hilo.

Mwanafunzi wangu alikaa kimya kidogo. Kisha akafungua faili za majuma yaliyotangulia, zote zilizotumia chupa ile, akaanza kuzipitia upya kutoka ya kwanza.