"Anawaza tu": sonona kwa mgonjwa wa moyo

"Daktari, huyu anawaza tu. Nani asiwaze na moyo mbovu?" Wiki iliyopita nimeyasikia tena, safari hii kwa mama aliyemleta mumewe kliniki. Mzee ana miezi 3 tangu apate shambulio la moyo. Alikaa kimya, anaizungusha baraghashia yake mikononi. Nikaufungua mfuko wa dawa: karatasi mbili za atovastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, hakuna kidonge kilichotobolewa. "Mzee wangu, hizi vipi?" Akajibu, "Za nini tena, mwanangu?"

Jamani, huko si kuwaza. Majonzi ya siku chache baada ya kutoka wodini yanaeleweka. Lakini mtu akikosa hamu ya kila kitu, usingizi ukamruka, akajiona mzigo, na hali hiyo ikadumu wiki 2, hiyo ni sonona. Huwapata takriban mmoja kati ya watano waliopata shambulio la moyo. Na inaua. Mwaka 1993 watafiti wa Montreal, Kanada, walichapisha matokeo ya wagonjwa 222: ndani ya miezi 6 sonona iliongeza hatari ya kifo, angalau sawa na kuwa umewahi kupata shambulio jingine kabla. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hunata kirahisi zaidi, kotisoli, homoni ya msongo, hupanda, mapigo hukosa utulivu wake. Juu ya hayo mgonjwa anaacha dawa, anaacha kutembea, anarudia sigara. Halafu nyumbani mnasubiri moyo upone ndipo huzuni iishe!

Wengine wanaogopa kwamba dawa za sonona husimamisha moyo. Amitriptilini, dawa ya sonona ya zamani inayoweza kuvuruga mapigo ya moyo, mimi siwaandikii wagonjwa hawa. Setralini, dawa nyingine ya sonona, imejaribiwa kwa waliotoka tu kupata shambulio na haikudhoofisha moyo. Ila ukiwa kwenye aspirini au wafarini, dawa za kuzuia damu kuganda, tuambie, maana zikiwa pamoja na setralini damu hutoka kirahisi zaidi.

Wengine huilaumu atenololi, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, lakini haisababishi sonona. Inaweza kukuchosha, lakini usiiache ghafla, ni hatari.

Siahidi kwamba tiba ya sonona itarefusha maisha. Jaribio kubwa la tiba hiyo Marekani, lililochapishwa 2003, halikuonyesha hivyo. Ilichopunguza ni sonona yenyewe, na mtu asiyeona sababu ya kuishi hamezi vidonge.

Mzee tumemwanzishia setralini na vikao vya ushauri nasaha. Mama nimempa kazi mbili: kuhesabu vidonge kila Ijumaa, na kumsindikiza mumewe kila alasiri, kwa miguu, hadi msikitini na kurudi.