Kuhara kumekoma, zinki ya nini tena?

Daktari, mtoto wangu ameacha kuhara tangu juzi. Mbona mhudumu wa afya kijijini anasisitiza aendelee na zinki?

Choo kimetulia, mama, lakini ukuta wa utumbo bado unajengwa. Utumbo mdogo umejaa vijidole visivyoonekana kwa macho, na ndivyo vinavyofyonza chakula na maji. Virusi vya rota, vinavyosababisha kuhara kwa watoto, huua seli zilizo kwenye ncha za vijidole hivyo, basi maji yanapita tu. ORS, ile dawa ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji, inarudisha maji yaliyopotea. Zinki inausaidia ukuta kupona na kumpunguzia mtoto uwezekano wa kuhara tena katika miezi miwili mitatu ijayo. Aliyefikisha miezi 6 apewe miligramu 20 kwa siku, aliye chini ya hapo 10, kwa siku 10 hadi 14. Na ziwa asinyimwe hata siku moja.

Huo ukuta unajengwa na nini?

Nenda kwenye shamba lako la matoke. Ukikata mgomba uliokwisha kuzaa, tunguu lililo ardhini hutoa machipukizi. Utumbo nao uko hivyo: chini ya vijidole kuna vishimo, na ndani ya vishimo zinakaa seli shina, yaani seli mama zinazozaa nyingine. Hugawanyika, watoto wao wakapanda juu wakikomaa, wakafika nchani na kudondoka. Ukuta wote hubadilishwa kwa siku 3 hadi 5 hivi. Virusi vya rota hukata majani; tunguu hubaki. Kwangu hii ndiyo habari njema kuliko zote katika ugonjwa huu.

Seli hizi zilitambuliwa waziwazi mwaka 2007 na maabara ya Hans Clevers huko Uholanzi. Miaka miwili baadaye, maabara hiyo ilitoa vijitumbo vidogo kutoka kwa seli shina moja tu.

Nani huziambia zizaliane kiasi gani?

Jirani zao. Kule chini, seli ziitwazo Paneth, zinazokaa kando ya seli shina, na tishu zinazozunguka kishimo hutoa ishara ya Wnt: endelea kuwa shina. Ukipanda juu, Wnt hufifia na ishara ya BMP huzidi: acha kugawanyika, komaa. Ishara nyingine, Notch, huamua nani atakuwa mfyonzaji na nani atatoa ute. Ishara hizihizi ndizo zinazouunda utumbo wa mtoto akiwa bado tumboni.

Na mtoto anayeugua tumbo kila mara?

Hapo ninahuzunika. Maji machafu yakileta vijidudu bila kukoma, vijidole hubaki vifupi, na mtoto hadumai kwa njaa peke yake: anakula uji wa ulezi, ila mwili haupati chote. Choo safi, maji yaliyochemshwa, na chanjo ya rota, ambayo Uganda iliianza mwaka 2018, vinaupa ukuta nafasi ya kupumua.

Je, seli hizo zinaweza kukaidi?

Ndiyo. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza jeni iitwayo APC inapoharibika. APC ndiyo breki ya Wnt. Ikikatika, seli huzaliana bila kuambiwa, kama machipukizi yasiyopunguzwa. Kwanza huota kinundu, na mara nyingi huchukua miaka kugeuka saratani, kwa hiyo muda wa kukiondoa upo. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Kampala hadi miaka ya 1960, aliona ugonjwa huu ni nadra hapa, akauhusisha na vyakula vyetu vyenye nyuzinyuzi. Hata hivyo, mtu mzima akiona damu chooni asijiambie ni bawasiri kabla ya kupimwa.