Msukosuko wa volkano maana yake nini

Msukosuko wa volkano ni hali ya mlima kuonyesha mabadiliko yaliyozidi kawaida yake: matetemeko madogo huongezeka, ardhi huvimba, joto hupanda au gesi hutoka kwa wingi. Maana yake ni hiyo tu. Hata hivyo, kila inapotangazwa kwamba msukosuko umeongezeka, habari humfikia msomaji ikiwa imegeuka kuwa "volkano inakaribia kulipuka", jambo ambalo waliotoa taarifa hawakulisema.

Uzito wa maelezo hayo umo katika "kawaida yake". Hakuna idadi moja ya matetemeko inayoitwa nyingi kwa volkano zote, kwa kuwa ipo milima inayotetemeka miaka nenda miaka rudi bila kutoa majivu, na ipo ambayo matetemeko machache tu yanatosha kuwatia wataalamu wasiwasi. Lazima basi pawepo kumbukumbu ndefu za mlima huohuo, na katika volkano za mbali kumbukumbu hizo ni haba. Kisiwa cha Bogoslof, Alaska, Marekani, kilipolipuka mara kwa mara kuanzia Desemba 2016 hadi Agosti 2017, hakikuwa na kifaa hata kimoja cha upimaji. Kilifuatiliwa kwa setilaiti, kwa vipimo vya mitetemo vilivyokuwa visiwa vingine, na hata kwa radi zilizopiga ndani ya wingu la majivu. Ndiyo maana kituo cha uangalizi wa volkano cha Alaska hakiupi rangi ya kijani, yaani daraja la tahadhari la mlima ulio katika kawaida yake, mlima usio na vipimo vya kutosha, hata ukionekana umetulia. Huuacha bila daraja lolote.

Mlima Spurr, magharibi mwa mji wa Anchorage, Alaska, unaonyesha vizuri tofauti ninayoisemea. Mwaka 2004 matetemeko yaliongezeka, na joto likayeyusha barafu ya kileleni hadi ikadidimia na kuacha shimo lenye ziwa ndani yake. Hali hiyo iliendelea hadi 2006, kisha mlima ukatulia bila kulipuka. Msukosuko ulirudi mwaka 2024, na mwezi Oktoba daraja likapandishwa kuwa njano. Machi 2025 gesi zilipoongezeka, kituo kikaeleza kwamba uwezekano wa mlipuko umekua, lakini baadaye matetemeko yakapungua. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, huweza kupanda, ikakwama chini na kupoa hukohuko. Wala hilo halitoi ruhusa ya kuupuuza msukosuko, kwa sababu mlima huohuo ulitangulia kutetemeka kwa miezi kadhaa kabla ya kulipuka mara tatu mwaka 1992, na majivu ya Agosti yakaangukia Anchorage.

Rangi nazo husomwa vibaya. Njano husema kwamba mlima umetoka katika kawaida yake, basi. Haihesabu siku zilizobaki. Rangi ya chungwa inaweza kumaanisha msukosuko mkubwa zaidi au mlipuko mdogo ambao tayari unaendelea, kwa hiyo anayeitaja bila kueleza ni upi kati ya hayo mawili hajamwambia msomaji kitu. Anayeandika habari hizi angetusaidia sana kwa kutaja kilichoongezeka, kimeongezeka kuliko lini, na kama majivu yameonekana au la.